Mitaro Katika Barabara ya Viateur

Viateur alikuwa na mdomo, na mtaa mzima wa Kimisagara, Kigali, ulijua hivyo. Alikulia Buyenzi, kule Bujumbura, ambako baba yake alikuwa fundi cherehani, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake pamoja na tabia ya kuahidi jambo kabla hajalifikiria. Alipokuja Kigali alioa, akazaa, halafu akafungua kibanda cha brosheti, yaani mishikaki, juu ya Mlima Kigali, pale mikaratusi inapoachana, mji wote ukaonekana bondeni. Siku za Jumapili wenye magari walipanda na watoto wao kupunga upepo, wakala mbuzi na ndizi za kuchoma, wakateremka jioni wameshiba. Viateur aliyatazama magari yale yalivyoegeshwa mbele ya kibanda, akavimba kichwa kama vile ni yake.

Nyumba nayo aliihamishia huko huko, nyuma ya kibanda. Médiatrice, mkewe, alinuna miezi mingi kwa sababu maji yalikuwa mbali, kisha akazoea. Barabara ya kupandia ilikuwa ya udongo, nyembamba, inapita ubavuni mwa mlima, na Viateur aliiita barabara yangu.

Basi mwaka wa tisini, Pasaka ilipopita, binti yao Spès akapata mchumba. Kijana aliitwa Achille, mwalimu wa shule ya msingi huko Kabuga, mpole, hana neno na mtu. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa bibi yake, Gaudiose, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ambaye bila kauli yake hakuna posa. Kikongwe huyo alikwisha kukataa wasichana wengine kabla ya Spès, mmoja wao kwa sababu nyumbani kwao alipewa kiti kinachoyumba. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, ila macho yalikuwa mazima kabisa.

Aliposikia kwamba wakwe watarajiwa wanakaa kileleni, alituma neno. "Mimi sipandi mlima kwa miguu. Wakinifikisha mlangoni, nitatoa jibu nikiwa nimekaa. Wasiponifikisha, jibu wanalijua."

Mtu mwenye akili zake angeomba ukumbi wa parokia, kule chini penye lami. Médiatrice alilisema hilo waziwazi. Lakini Viateur amwache mkwe asione mandhari yake? Alimwambia mjumbe, mbele ya watu, "Mwambie bibi alale usingizi. Gari litasimama mlangoni kwangu. Akitoa mguu nje ya gari, anakanyaga mkeka."

Mvua haikungoja hata wiki iishe. Ilinyesha kwa hasira, maji yakaishika barabara kuanzia juu, na kwenye kona ya mikaratusi yakachimba korongo ambalo mbuzi akiingia huoni pembe. Viateur alisimama ukingoni na mwamvuli wake, akachungulia ndani. Alimwona Spès wake akizeeka jikoni kwa sababu ya shimo.

Alikimbilia kwa Nsengiyumva, mkubwa wa seli, yaani kitongoji chao, mtu wa kazi asiyecheka ovyo, anayesimamia umuganda, yaani ile kazi ya pamoja ambayo kila Jumamosi hutoa watu majumbani na majembe yao. Posa ilikuwa Jumapili. Jumamosi ilibaki moja tu.

"Izibeni ile kona," Viateur alimwomba, "halafu yale maji mniondolee barabarani. Kazi mnaijua."

"Kazi tunaijua, mzee," Nsengiyumva akajibu. "Hiyo ndiyo kazi yetu."

Viateur akaridhika. Jumamosi asubuhi aliwaona wakipanda, kundi zima, majembe begani, akawaachia kibuyu cha bia ya mtama, akateremka sokoni Nyabugogo kuchagua mbuzi wa sherehe. Hilo la kuwaacha peke yao ndilo kosa lake, na mke wake amelikumbusha kila lilipopatikana kosa jingine.

Kwani hebu fikiria watu hawa ni akina nani. Tangu wakiwa watoto, umuganda kwao ni kupelekwa kwenye mteremko na kuchimba mitaro ya kukinga mmomonyoko, mmoja chini ya mwingine, inayokata kilima kwa upana ili maji yasimame yasichukue udongo. Mkono wa Mnyarwanda ukishika jembe penye mteremko, haumuulizi mwenyewe. Waliiziba kona vizuri sana, kwa mawe na udongo wa kushindiliwa. Kisha wakatazama maji yanatoka wapi, wakaona yanatoka juu, yanateremka na barabara. Wakaichimba barabara mitaro. Waliikata kwa upana, kutoka ukingo hadi ukingo, kuanzia kwenye kona mpaka karibu na kibanda, na kila mtaro wakaujengea tuta, na juu ya kila tuta wakapanda majani ya ng'ombe.

Viateur alirudi mchana anavuta mbuzi wake. Alipofika mtaro wa kwanza mbuzi aliruka. Yeye hakuruka, alisimama mdomo wazi.

"Barabara iko tayari, mzee," Nsengiyumva alisema, akijifuta jasho, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya kweli. "Hata mvua ya mwaka mzima ije, haitasogea."

"Na gari litapita wapi?"

Nsengiyumva aliutazama mtaro. Akautazama na wa pili. Wanaume waliokuwa nyuma yake wakaanza kutazama majembe yao.

"Gari halikusemwa," alisema hatimaye.

"Barabara ni ya nini kama si ya gari?"

"Mzee, ulisema maji. Maji yameondoka."

Viateur alimnyang'anya mtu jembe ili afukie mwenyewe, lakini Nsengiyumva akaushika mpini. Bwana shamba wa komini, yaani wa wilaya, alikuwa amepita, akaisifu kazi mbele ya wote, akasema atawaleta watu wa seli nyingine waje kujifunza. "Ukifukia mtaro wa bwana shamba, Jumatatu utaenda kujieleza mwenyewe. Mimi sitakuwepo."

Jioni ikafika. Médiatrice alikuwa akichambua mchele, na aliposema, alisema neno moja tu, "Parokia." Spès alikuwa amekaa kwenye ngazi anasuka nywele za mdogo wake. Hakumlaumu baba. Aliuliza tu polepole, "Baba, kwa nini ulimwambia mlangoni?" Viateur aliinama akaikaza kamba ya mbuzi iliyokuwa imekazwa tayari. Alimpenda mtoto huyu kupita maneno yake yote, naye aliona haya hata kumtazama.

Jumapili jua likawaka. Gari la wageni, pikapu ya kuazima, lilipanda likiguna, likaivuka kona ya mikaratusi salama, likafika mtaro wa kwanza, likazima. Viateur aliteremka mbio akiwa na tai shingoni. Nyuma yake walikuja Nsengiyumva na wenzake, wote wamevaa vizuri, kwani nao walikuwa wamealikwa.

Gaudiose alikuwa amekaa mbele, karibu na dereva, fimbo katikati ya magoti. Achille, aliyepanda nyuma na wazee, alikuwa amepauka. Bibi hakufungua mlango.

"Hapa ndipo mlangoni?" aliuliza.

"Bibi, bado kidogo," Viateur alisema.

"Mkeka siuoni."

Kikongwe alitoa kichwa dirishani, akaitazama mitaro jinsi ilivyopangana kupanda juu, na majani yake. "Nani kachimba?"

"Sisi, bibi," Nsengiyumva akajibu, kwani uongo haujui.

"Imenyooka," alisema Gaudiose. "Kwetu Kabuga hawachimbi hivi siku hizi." Viateur nusura alie. "Lakini mimi nilisema sipandi kwa miguu. Dereva, geuza."

Dereva alitazama nyuma atageuzia wapi, na kwa kweli hapakuwa na pa kugeuzia. Ndipo Nsengiyumva alipowanong'oneza vijana wawili wakatoka mbio. Waliporudi, Viateur alipoona walichokibeba, alitamani mitaro immeze. Ilikuwa ingobyi, ile machela ya kusukwa yenye miti miwili, ambayo majirani huitumia kumteremsha mgonjwa zahanati, na mara nyingine maiti. Siku ya posa, kwa bibi wa ukweni, wanamletea machela ya maiti.

"Bibi, samahani," alisema, "hawa hawana adabu, irudishwe."

Gaudiose alitoa tena kichwa dirishani. Alikuwa akiitazama ingobyi, na akaitazama kwa muda mrefu mno. Kisha alifungua mlango wa gari mwenyewe.

"Nyinyi vijana mnadhani kitu hiki ni cha wagonjwa," alisema. "Mimi niliolewa ndani yake. Nilifunikwa nguo nyeupe, nikabebwa kutoka kwa baba yangu mpaka kwa mume wangu, na sikuruhusiwa kuchungulia. Nilichungulia njia nzima." Akampa Achille fimbo. "Niwekeni."

Wakambeba. Kila mtaro walioufurahia jana iliwabidi kuuvuka na kikongwe mabegani. Nsengiyumva, aliyeshika mbele, alitoa jasho na kujitukana kimoyomoyo kila walipofika kwenye tuta, na bibi kule juu akawaelekeza, kushoto, inueni, msikanyage majani. Chini yake mji ulikuwa umejitandaza mpaka upande wa kwao. Wakamsikia anacheka peke yake.

Walimshusha mbele ya nyumba. Mguu wake mbovu ulitangulia, ukakanyaga mkeka.

Mambo ya posa yalikwenda kama yanavyokwenda: washenga walitaniana, bia ya mtama ikazunguka, na kiti hakikuyumba, kwani Médiatrice alikuwa amekikalia asubuhi yote kukijaribu. Mwisho watu walimgeukia Gaudiose. Alimwita Spès, akamshika mkono, akamtazama usoni.

"Huyu nimemkubali," alisema. "Nina sharti moja."

Viateur alijikaza. Alikuwa tayari kwa lolote, ng'ombe, shamba, hata kibanda.

"Siku ya harusi bibi harusi atatoka hapa akiwa amebebwa kama mimi. Na mimi nitakuja kumchukua vilevile, mabegani. Kwa hiyo barabara iacheni ilivyo."

Watu wote walimtazama Viateur. Alimtazama binti yake, ambaye alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kisha akayafikiria magari yake ya Jumapili. Akaweka mkono kifuani, akaapa kwamba mtu akigusa mtaro hata mmoja, yeye mwenyewe ndiye atakayemshtaki kwa bwana shamba.