Kwa Karatasi za Kiwanda, Bwana Yangu Amekufa

Barua hii imetufikia kutoka kwa msomaji wa Kisangani. Majina tumeyabadilisha, kama alivyoomba. Someni kwa huruma, kisha mumwandikie.

Bwana wa gazeti na wasomaji wote, salamu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Maniema, Mwislamu. Ninafanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha sabuni na tunakaa kwenye kambi ya wafanyakazi. Sijui kuandika. Ananiandikia mwandishi wa barua wa pale sokoni, nimemwapisha asiseme.

Tulifika hapa miaka sita iliyopita: mimi, bwana yangu, bibi yake wa pili Safi, na binti yangu Zaina aliyekuwa bado ananyonya. Bwana alipata kazi kwenye matangi ya mafuta ya mawese. Lakini sheria ya kambi ni kwamba nyumba ni ya bwana mmoja, bibi mmoja na watoto wao. Ndugu anayefanya kazi kiwandani anaruhusiwa kukaa nao, lakini mwenye wake wawili haandikwi. Safi alikuwa na mimba. Mimi tangu Zaina sikushika mimba tena. Halafu tukasikia kiwanda kinatafuta wanawake wa kufunga sabuni kwenye karatasi, wale wasio na bwana tu. Bwana akaniambia, "Tutasema weye uko dada yangu. Ni mambo ya karatasi tu."

Ofisini karani akauliza, "Huyu mwanamuke iko nani?"

"Iko dada yangu," bwana akajibu. "Iko mujane. Bwana yake alikufa Kindu."

Nilikuwa nimesimama karibu naye hata mikono yetu inagusana, namsikia bwana yangu akisema bwana yangu amekufa. Karani akanipa pole. Nikasema asante. Safi akaandikwa bibi, na Zaina akaandikwa mtoto wake, maana posho ya chakula ni ya watoto wa mfanyakazi mwanamume tu.

Mtu asiyejua kazi ya kiwanda anadhani ni mashine tu. King'ora kinalia ukungu ungali juu ya mto, unasimama mezani mpaka jioni, sabuni baada ya sabuni, na soda kali ya kutengenezea sabuni inakula ngozi ya vidole mpaka chumvi ya mboga inakuchoma. Hiyo nimeizoea. Nisichozoea ni kwamba tunarudi na kiwanda mpaka nyumbani. Kuta za kambi ni nyembamba, jirani anasikia mpaka kikohozi. Mwanzoni bwana alikuwa anakuja chumbani kwangu. Kisha akaogopa. "Batu wakisikia, watasema ninalala na dada yangu." Sasa ni miaka minne hajaja. Zaina nilimfundisha mimi mwenyewe aniite shangazi mbele ya watu. Siku hizi ananiita shangazi hata tukiwa wawili tu.

Kapita wetu, msimamizi wa chumba cha kufungia sabuni, ni mtu wa Isangi, Mkristo, yeye mjane wa kweli aliyefiwa na bibi yake. Mwaka huu aliona vidole vyangu vinatoka damu. Hakusema neno mbele ya wengine, ila kesho yake akanitoa kwenye sabuni mbichi akaniweka kwenye kukata karatasi. Siku zilizofuata akawa anapita anauliza, "Mama, inauma bado?" Tangu nifike hapa hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Nitasema ukweli ijapokuwa ni aibu: moyo wangu ulifurahi.

Jumapili moja akaja kwetu pamoja na tonton wake, yaani mjomba wake, wamebeba samaki wakubwa wawili na kitenge. Hakuja kwangu. Alikuja kwa bwana yangu, kwa heshima, kama mtu anavyokwenda kwa kaka wa mwanamke. Akamwita semeki, yaani shemeji. "Semeki, natafuta kuoa dada yako. Kama dini iko kizuizi, bon, tutaongea na bamwalimu." Bwana akatazama chini. Akapokea samaki. Safi akawapika, tukala na lituma, ndizi za kuponda. Mimi pia nilikula.

Wageni walipoondoka nikasema, "Basi nipe talaka. Niwe huru mbele ya Mungu."

"Talaka?" bwana akasema. "Mutu anaachana na dada yake? Nikienda musikitini kutafuta mashahidi, kesho karani anajua."

"Donc mukatalie Kapita."

"Kwa sababu gani? Yeye ndiye anasema nani abaki kazini, nani aende." Kisha akasema polepole, bila kuniangalia, "Kubali posa yake kwanza."

Safi akaacha vyombo akalia. Safi si mtu mbaya. Ana watoto watatu, anaogopa.

Nilifikiri kumwambia Kapita mwenyewe. Lakini mwaka jana alipogundua kwamba mfanyakazi mmoja ameficha bibi wa pili, yeye ndiye aliyempeleka kwa mzungu mkubwa wa kiwanda. Watu wale walitolewa mchana, magodoro yao kwenye mvua. Kapita alisikitika, tulimwona, lakini alisema akinyamaza atafukuzwa yeye. Na sasa kiwanda kinamhamisha Basoko. Anataka jibu Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, ili tupande meli pamoja. Nikienda, nitakuwa nimeolewa juu ya ndoa, na Zaina atabaki, kwa kuwa kwenye karatasi si wangu.

Juzi nilimkuta Zaina mtoni peke yake, anaosha sufuria. Nikamshika mabega. "Zaina, unajua mimi ndiye mama yako?"

Akageuka kwanza kuangalia kama kuna mtu. "Najua," akasema. "Lakini usiseme kwa nguvu, shangazi. Watatufukuza."

Ana miaka saba.

Bwana hawezi kuniacha, wala hawezi kunishika. Anayenitaka ni mtu mwema, na nikimwambia ukweli ndiye atakayetutoa nje. Ninyi mnaofanya kazi viwandani, ninyi mama mnaojua ndoa, nanyi walimu wa dini kama mnasoma: Jumapili hiyo Kapita atakaa mbele ya mlango wetu akingoja neno langu. Nimwambie nini? Nijibuni upesi kwenye ukurasa huu. Mwandishi wa sokoni atanisomea.