Anawaandikia wafu 'Tutaonana', kumwambia mkewe hawezi

Saa mbili asubuhi, uani kwake, fundi wa vibao vya makaburi amepiga magoti mbele ya saruji mbichi. Majirani husema hapo ndipo mahali pekee anapopigia magoti, naye hawabishii.

Mkononi ana herufi ya mbao, aliyoipaka oili chafu ising'ang'anie. Anaikandamiza, anangoja kidogo, anaichomoa. Saruji haina subira. Ikiwa mbichi mno herufi inajaa maji, ikishika mno inapasuka. Na ukikosea hufuti, unavunja kibao kizima.

Pembeni amesimama mjane aliyekuja na maneno yake kichwani. "Andika 'Mume mwema, pumzika, tutaonana'," anasema. Halafu anafikiri. "Ila hilo la tutaonana, fundi, usimwandikie lini. Asije akakaa ananisubiri."

Fundi anacheka, mjane naye anacheka, kisha mjane analia. Fundi anampindulia ndoo akae. Hamwambii kwamba marehemu yuko mahali pema. Anakaa naye mpaka kilio kiishe chenyewe.

Mtaani wanamwita Bwana Hakuna. Ukimuuliza habari za peponi atakujibu hakuna, za motoni hakuna, na ukimdai chenji pia hakuna.

"Imani haikunitoka siku moja," anasema. "Ilibanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Mwaka ule wa surua nilitengeneza vibao vidogo vidogo, urefu wa mkono hivi. Kila mzazi ananiambia, andika ni mapenzi ya Mungu. Nikaandika. Ila moyoni nikasema, kama haya ndiyo mapenzi yake, chuki yake inafananaje?"

Alikaa na swali hilo moyoni mpaka jirani yake, fundi viatu, alipomuuliza mbona haonekani ibadani. Akamweleza. Fundi viatu akataka kujua: mtu asiyeogopa moto, ni nini kinamzuia asiibe?

"Nikamwambia, kumbe wewe ni moto tu unaokuzuia? Basi kuanzia leo banda langu la kuku nalitia kufuli."

Akiuacha mzaha, uso wake unazeeka ghafla. "Mtu akiumia, namwona anaumia. Sihitaji kuambiwa kutoka juu. Na kwa kuwa sidhani kuna mahali pa kwenda kufidiwa, ubaya ninaomtendea mtu hapa unabaki hapa hapa. Hakuna wa kunifutia. Ndiyo maana uongo unanishinda."

Na sasa ni uongo mmoja tu anaoombwa.

Katika chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake linatazama uani, mkewe amelala. Hospitali wamemrudisha nyumbani. Uvimbe wa tumboni, waliambiwa, umeshajitwalia nafasi yote. Kila asubuhi mumewe anamfuta mwili kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, anamgeuza ubavu, anamnyooshea shuka, ndipo anatoka kukoroga saruji.

Mama huyu ni mcha Mungu tangu utotoni. Wameishi hivyo hivyo, mke akienda ibadani, mume akimpigia pasi gauni la kuendea. Hajawahi kumwomba aamini. Wiki hii ameomba neno moja: mumewe amwambie, kwa kinywa chake, kwamba wataonana.

Fundi hajalisema.

"Mji mzima unauandikia tutaonana," mke anasema kwa sauti nyembamba. "Hata yule mlevi aliyetuvunjia geti ulimwandikia. Mimi mama watoto ndiye unaninyima?"

"Wale nawaandikia maneno yao. Wewe unataka la kwangu."

Dada wa mgonjwa, aliyekuja kuuguza, anasonya mpaka pazia linatikisika. "Shemeji, sema! Neno halilipiwi kodi. Mtu anakufa, wewe unalibana kama umelikopa benki?"

"Tangu nimuoe sijamdanganya, shemeji."

"Hata kuhusu mapishi yake?"

"Kuhusu mapishi nilinyamaza."

Mgonjwa anajaribu kucheka. Maumivu yanamkata katikati. Anaukunja uso na kung'ata ncha ya shuka. Mumewe anamwekea kiganja mgongoni, pale panapouma, na hakiondoi. Dada mtu ameshageukia ukutani.

Baadaye, akianika mashuka, dada huyo anasema kwa hasira: "Kichwa chake kigumu kuliko hivyo vibao. Lakini hao ndugu zetu wanaoomba mpaka sauti inakauka, hakuna aliyekuja kumgeuza mgonjwa hata mara moja."

Fundi amerudi kwenye saruji yake, ila herufi ziko chini. "Nimeshafungua mdomo nilitamke," anasema. "Nikamtazama machoni, nikaufunga. Yule ananijua. Siku nikimwambia uongo atajua nimeshamhesabu maiti, maana uongo wangu wote nauandika juu ya maiti."

Mchana mke anamwita. Anaingia na vumbi lake mpaka kwenye nyusi.

"Kibao changu ni changu?" mke anauliza.

"Ni chako."

"Basi kiandike tutaonana. Ni maneno yangu, wewe hayakuhusu."

"Nitaandika. Na nitayaandika vizuri."

"Na kinywa chako kaa nacho." Anapumzika, anakusanya pumzi. "Ila sikia, Bwana Hakuna. Nikikuona unakuja kule, na hilo vumbi lako la saruji, umeduwaa mlangoni, nitakucheka mbele ya malaika wote."

Fundi anakung'uta vumbi mikononi. Anamvutia shuka mpaka mabegani, anaketi ukingoni mwa kitanda mpaka usingizi umchukue.

Mpango wake ni kutengeneza vibao viwili vya ukubwa mmoja. Cha mkewe kitakuwa na neno lake. Cha kwake kitabaki kitupu, na watoto wameshaambiwa wakiweke ubavuni mwa mama yao, pasipite hata mtu katikati. "Hilo naweza kuahidi, na nimemwahidi."

Na tumaini la kuonana? Anatazama dirisha la mkewe.

"Sidhani kama nitachekwa," anasema. "Lakini sijawahi kutamani kuchekwa kiasi hiki."