Mluzi Mfupi Mara Mbili

Kwa miaka minane Fernand Castelin hakupiga mluzi, na waliomjua zamani pale Belleville, mtaa wa Paris, walidhani anaringa. Huyu alikuwa mtu wa kutunga muziki kwa mdomo kabla hajamiliki piano. Mwaka 1947, alipokuwa akipiga jazi chini ya baa moja ya Saint-Germain, wateja walimwomba aache piano wausikie mdomo.

Mwaka 1953 akaitwa kutunga muziki wa baleti kwenye ukumbi mmoja wa maonyesho. Siku ya kwanza tu, mzee Le Goff, msimamizi wa kamba za kupandisha na kushusha mapambo ya jukwaa, alimzuia mlangoni.

"Humu hatupigi mluzi, bwana mdogo."

"Ushirikina huo, mzee."

"Ushirikina wa nani? Baba yangu aliendesha kamba hizi kwa mluzi. Mfupi mara mbili, shusha. Siku hizi tuna taa za ishara, lakini mkono huu haujaambiwa."

Fernand alicheka, ila akatii. Wiki tano alibana midomo, na kadiri muziki ulivyomnogea ndivyo alivyozidi kujisahau.

Mchana mmoja wenzao walikwenda kula. Jukwaani alibaki Ghislaine Morvan, mchezaji mkuu, akirudia hatua zake peke yake. Fernand alikuwa nyuma yake, pembeni mwa pazia, akiandika noti, na wimbo wa mwisho aliousaka tangu majira ya baridi ukamjia ghafla. Ulianza kwa sauti mbili fupi. Akaupiga mluzi.

Huko juu, alikobaki Le Goff na kamba zake, mkono wa mzee ulitangulia akili. Ukuta wa mbao uliochorwa bustani ukashuka, ukamvunja Ghislaine nyonga.

Le Goff aliwaambia wakubwa kwamba kamba ilimponyoka. Angesema nini? Kwamba kwenye zama za taa yeye bado anatii mluzi? Wakamfukuza. Akiwa na sanduku lake mkononi, alisimama mbele ya Fernand.

"Mkono ulikuwa wangu, mdomo ulikuwa wako. Changu nimekibeba. Wewe je?"

Fernand akampisha apite.

Hospitalini Ghislaine alisema alisikia mluzi. Madaktari wakamwambia ni mshtuko tu. Fernand, aliyekwenda kumwona kila siku na maua, akamwambia hivyo hivyo, na hapo mimi humchukia kidogo. Lakini maua yalizaa mapenzi, tena ya kweli, na mapenzi yakazaa ndoa. Baleti ilichezwa na binti mwingine, ikavuma, na watu wa filamu wakaanza kumtafuta mtunzi wake.

Ghislaine alijifunza kutembea na fimbo. Mara moja moja, akimenya viazi au akikunja shuka, aliuliza taratibu, "Una hakika hukusikia kitu siku ile?" Fernand alisema hakusikia. Kila aliposema hivyo alijua mke wake hajaacha kutafuta.

Mwaka 1961 alikuwa studio akirekodi muziki wa filamu ya majambazi. Mpiga mluzi aliyekodiwa hakutokea. Wanamuziki thelathini walikuwa wamekaa tu, na mwongozaji wa filamu, Tessier, alikuwa mteja wa zamani wa ile baa.

"Sasa tunamngoja nani, na Castelin yupo? Mdomo ule hakuna asiyeukumbuka."

Fernand alisema umri umemkausha midomo. Wakamcheka, na wapiga fidla wakagonga nyuta zao kwenye vishikio vya karatasi kumshangilia. Kuendelea kukataa kungezua maswali, akasogea kwenye maikrofoni. Hakumwona Ghislaine, aliyekuwa amemletea chakula na sasa ameketi nyuma ya kioo, pamoja na fundi wa sauti.

Wimbo wa filamu aliuandika makusudi uanze kwa sauti moja ndefu. Picha ya filamu ikaanza kutembea ukutani, akavuta pumzi. Lakini mdomo nao ulikuwa haujaambiwa. Ukatoa sauti mbili fupi.

Nyuma ya kioo fimbo ilianguka. Ghislaine alikuwa amefunika kichwa kwa mikono yote miwili, akitazama dari. Kisha akaishusha mikono polepole, akamtazama mumewe kwa muda mrefu, akainama kwenye maikrofoni ya fundi.

"Rudia, Fernand," alisema. "Siku ile nilikuwa nimekupa mgongo."