Masha na Dawa ya Kuongeza Kinga

Masha Ruwa huuza tairi kuukuu pale Miritini, malori yanapoegesha. Ukimletea maneno matamu utaondoka na maneno yako, tairi litabaki. Hata figo aliyopewa na dada yake Mapenzi mwaka juzi aliitunza vivyo hivyo, kama mali: vidonge asubuhi, vidonge jioni, hakuruka hata kimoja.

Ndiyo maana miguu ilipovimba, homa ikamshika na pale penye figo pakawa panauma akipagusa, alijua kosa si lake. Hospitali walimtoa damu na kunyofoa kipande kidogo cha figo kwa sindano. Siku ya pili aliitwa kusikia majibu.

"Mwili wako unaishambulia figo," daktari alisema. "Imevimba ndani. Mbali na vidonge vyetu, unakunywa nini?"

Masha akachangamka. Tangu aliposhikwa na mafua alikuwa na dawa ya mizizi, kanunua mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, chupa tatu kwa bei ya mbili. Akatoa moja mfukoni. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: HUONGEZA KINGA MARADUFU.

Daktari aliisoma, akairudia. "Bwana Masha, vidonge vyetu ni vya kazi gani?"

"Kulinda figo."

"Vinailindaje?"

Hilo Masha hakuwahi kuuliza.

"Vinailaza kinga yako. Kwa mwili wako hiyo figo ni mgeni, na kinga haijui habari ya dada. Sisi tunaibembeleza ilale, wewe unaiamsha na kuilisha!"

Masha aliitazama chupa kama aliyekuta nyoka ndani ya kiatu alichokwisha kuvaa.

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Siwezi kuapa ni chupa hiyo peke yake. Lakini iache leo, na unalazwa sasa hivi."

"Daktari, nipe mpaka Ijumaa, kuna mteja wa..."

"Ijumaa huna."

Siku tatu alitiwa dawa kali mshipani. Siku ya nne Mapenzi alikuja kutoka Bombolulu, akamkuta ameketi kitandani, uso umeumuka kwa dawa hizo.

"Haya, wamesemaje?"

"Figo inafanya kazi. Sirudi kwenye mashine ya kusafisha damu."

"Na sura hiyo je? Masha, nakujua wewe ukificha kitu."

Akamwambia yote, chupa na kila kitu. Kisha akamalizia: "Sehemu yake imekufa, dada. Haifufuki."

Mapenzi hakupiga kelele. Angepiga, Masha angejua pa kuanzia. Aliweka kiganja ubavuni mwake mwenyewe, penye kovu la kutolewa figo.

"Mwenye akili wa ukoo mzima," alisema polepole. "Tairi la mtu baki unaligeuza, unaligonga, unalinusa. Changu mimi hukuuliza hata swali moja."

"Dada..."

"Ingekaa kwangu, saa hizi ingekuwa nzima."

Mapenzi akavuta kiti karibu, akamuuliza kama amekula.