Nusu ya Paa la Dhahabu

Fundi alishona sare za shule kwa cherehani miaka thelathini na moja, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kuwa mshono wake umekwenda upande. Sasa aliyemwambia ni dada yake mkubwa, aliyekaa kitini, asiyeweza hata kujifunga kifungo.

"Paa hilo silo," dada alisema.

"Silo vipi? Nimehesabu vishimo mpaka macho yamenitoka."

"Hesabu haina neno. Hebu isogeze fremu dirishani."

Kazi yenyewe ilikuwa ya dada. Alikuwa analitarizi kanisa kuu la mjini, lile kongwe la mawe lenye minara miwili, ambalo alilipangia maua kila Jumamosi tangu akiwa msichana. Alilishona kwa misalaba midogo juu ya kitambaa cha vishimo: kuta kwa nyuzi za kijivu, madirisha kwa shanga ndogo kama punje za ulezi, paa kwa uzi wa dhahabu, ule unaokatika hovyo na kumfundisha mtu mstaarabu kutukana. Mwaka wa nne, akiwa ameshamaliza kuta, minara na nusu ya paa, kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Na dada alikuwa mashoto. Walimu walimchapa sana enzi zile, wakachoka wao.

Aliporudi kutoka hospitali alimwita mdogo wake. "Nimalizie," alisema. "Lakini nataka mtu akiitazama aone kazi ya mkono mmoja. Mkono wangu."

Fundi alikubali, akidhani ni shughuli ya wiki mbili. Ilimla miezi minne.

Sasa fremu ilikuwa dirishani, na jua halina upendeleo. Nusu ya paa ilimeta, nusu ilifubaa. Fundi alipoigeuza kidogo, iliyofubaa ikawaka na iliyowaka ikafubaa. Msalaba mmoja ni mishono miwili inayopishana, na ule wa juu ndio unaoshika mwanga. Wa dada ulilalia kushoto. Wa Fundi, kama wa watu wengi wanaoshonea mkono wa kulia, ulilalia kulia. Kwenye uzi wa pamba nani angejua? Dhahabu ilisema yote.

"Miezi minne, dada! Umekaa hapo unanitazama tu?"

"Nilidhani ni haya macho yangu. Mwili wote umenigeuka, ningejuaje kama macho yamebaki wima?"

Fundi aliumia, tena sana. Alikuwa ameanza kuipenda ile nusu, na kwa siri aliiona nzuri kuliko ya dada. Lakini hakubishana. Alichukua mkasi mdogo akaanza kufumua mishono yake, safu baada ya safu. Uzi wa dhahabu ukishafumuliwa haushoneki tena. Unanyong'onyea na kutoa manyoya. Alikuwa anautupia kwenye kisahani, na dada akawa anakitazama kisahani kikijaa.

Siku ya tatu dada alisema, "Nipe sindano."

"Uishike na mkono gani?"

"Huo ulionibakia."

Fundi alimtungia uzi, akamshikia fremu magotini. Mkono wa kulia wa dada haukuwahi kufanya kazi ya maana zaidi ya kushika kikombe. Sindano ilikosa kishimo, ikamchoma kidole, ikadondoka. Fundi aliiokota mara tano, akairudisha vidoleni mwake. Mshono wa kwanza ulikaa. Wa pili ukapita juu yake. Jua lilikuwa limehama dirisha la kwanza, ikabidi wasogeze kiti hadi la pili ili waone.

Msalaba ulilalia kulia.

Fundi aliuona mapema, akakazana kutazama nje. Dada aliuinamia muda mrefu. Aliupapasa kwa kidole kilichochomwa, kisha akaipapasa mishono ya mdogo wake iliyosalia pembeni yake, iliyolalia vile vile. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Kumbe ndio mkono wangu huu," alisema. "Weka huo mkasi chini."

"Na niliyofumua?"

"Ishone tena vile vile ulivyoishona. Safu ya chini niachie mimi. Nitashona msalaba mmoja kwa siku."

Fundi alihesabu kwa macho. Safu ya chini ilikuwa na misalaba mia moja na arobaini na kitu.

"Mmoja kwa siku, dada? Utamaliza lini?"

"Kwani wewe una safari?"

Fundi hakuwa na safari. Alikata uzi mwingine, akaulamba ncha, akautunga kwenye sindano ya dada kwanza.