Chevrolet ya Mtaa wa Narung'ombe

Ukipita Mtaa wa Narung'ombe asubuhi, kabla wamachinga hawajaziba njia, utamkuta mzee mmoja wa Kihindi amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka la vitenge la Maimuna. Anaitwa Devendra. Anaishi Upanga na mkewe Shanta, na watoto wao wote wako ng'ambo. Pale Kariakoo hana biashara. Anakuja kwa sababu mahali lilipo duka la Maimuna, na ghorofa zote zilizopandana juu yake, palikuwa na studio ya picha ya baba yake. Nyumba ya zamani ilibomolewa, na negativu zote, zile filamu za kusafishia picha, zikachukuliwa na lori la kifusi. Amebaki yeye na kioo chake cha kukuzia.

Watu humletea picha za wazee wao, zile nyeusi na nyeupe, mtu kasimama na gari refu la Kimarekani. Wanataka kujua ni gari gani na picha ni ya mwaka gani. Wengine wanaandaa wasifu wa marehemu, wengine wanataka kujionyesha kwenye simu. Devendra huchukua kipande cha karatasi akawafunika watu wote, akabaki na gari peke yake. Nyuso humchanganya, kwa sababu kila anayeleta picha anakuwa ameshamsimulia huyu ni nani na alikuwa tajiri kiasi gani.

"Taa za nyuma mviringo, kubwa kama sahani. Hiyo Ford," atasema. Au, "Pua imechongoka kama risasi. Studebaker. Lakini babu yako hakuwa nayo, mwanangu. Ameegemea tu."

"Mzee, utapigwa siku moja!" Maimuna humtania kutoka ndani. "Watu wanakuja na babu tajiri, wewe unawarudishia babu maskini."

"Mimi nasoma bati, bibi. Babu yake sikumwomba."

Nimemjua mzee huyu kwa shida yangu, na ninamwandika kwa sababu ni mtu pekee ambaye hakunipambia maneno. Waliobaki wote walinipambia, hasa ndugu zangu.

Zamani hizo, wanaume waliotoka bara kuja kutafuta maisha Dar walikuwa na desturi ya kupiga picha moja ya kupeleka nyumbani, ionekane kwamba mji umewakubali. Baba yake Devendra aliwajua vizuri watu hao. Alinunua Chevrolet ya mwaka hamsini na saba kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Injini ilikuwa imekufa, lakini mwili ulikuwa mzima, wenye mapezi mawili nyuma yaliyosimama kama ya papa. Kila asubuhi wapagazi waliisukuma hadi mbele ya studio, na jioni wakairudisha uani. Devendra alikuwa kijana. Kazi yake ilikuwa kuipangusa mpaka mtu ajione sura yake mlangoni. Nusu ya Wachaga, Wanyamwezi na Wahaya waliotuma kwao picha ya gari, walituma picha ya gari hilohilo.

Baba yangu, Severine, alikuwa mmoja wao. Alitoka Kibosho, akaanza kwa kubeba magunia sokoni, akamaliza na duka la jumla na nyumba Ilala. Kwenye picha yake amesimama kando ya ile Chevrolet, amevaa koti, amepakata mtoto mchanga aliyefungwa shali. Picha hiyo aliikuza akaitundika sebuleni. Kila mgeni alipoingia alimwonyesha kwa kidole: "Huyu niliyempakata ndiye mtoto wangu wa kwanza." Jina hakutaja. Mgeni alitazama picha, kisha akamtazama mdogo wangu Rogath, akacheka akasema wamefanana. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai.

Nyumbani kwetu ilijulikana hivi: mama yangu, Rachel, aliolewa na Severine akiwa tayari ana mtoto, na mtoto huyo ni mimi. Wadogo zangu walipelekwa shule, nami nikabaki nyumbani kuwabeba wao mgongoni. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye madaftari yao waliyoyatupa. Nilipokuwa msichana nilimuuliza mama baba yangu ni nani. Mama akasema, "Muulize aliyeko sebuleni." Nikaenda nikamuuliza. Baba akaniambia, "Nenda kaangalie mtoto analia." Mama alikufa mwaka huohuo, sikupata nafasi ya kumuuliza tena.

Baba alipofariki, Rogath ndiye aliyesoma wasifu kanisani. "Ameacha watoto watatu: Rogath, Jacqueline na Allen. Pia aliwalea wengine." Mimi ndiye hao wengine. Nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake wa jikoni, mikono yangu inanuka vitunguu.

Ulipokaribia mwaka wa msiba, jiwe la kaburi likawa linaandaliwa Moshi, lenye majina ya watoto. Nilimfuata Rogath dukani kwake Kariakoo nikamwambia sidai nyumba wala duka, nataka jina langu liwe kwenye jiwe.

"Dada Candida," alisema, na wateja wanasikia, "mimi nakuheshimu, umetulea. Lakini jiwe ni la damu. Mama alikuja na wewe. Baba mwenyewe alikuwa anasema mbele ya ukoo mzima, aliyempakata kwenye ile picha ndiye mtoto wake wa kwanza. Sasa yule ni nani? Ni mimi."

"Umejuaje kama ni wewe?"

"Dada, jamani! Ni nani mwingine?"

Niliondoka bila kuaga. Mimi nilizaliwa miaka saba kabla ya Rogath. Kama picha ile ilipigwa kabla yake, basi mtoto wa kwanza wa Severine alikuwa mimi, na maneno hayo aliyasema marehemu mwenyewe kwa kinywa chake. Kama ilipigwa baadaye, basi nilikuwa mtoto wa kuja naye, na ningenyamaza mpaka kufa. Nilikuwa na nakala ndogo ya picha hiyo, niliyoikuta kwenye sanduku la mama. Nyuma haikuandikwa kitu. Mtoto mchanga aliyefungwa shali hana sura. Anaweza kuwa yeyote. Ndipo mwanamke ninayeuza naye mitumba Mchikichini aliponiambia kuna Mhindi Kariakoo anasoma magari.

Devendra alisikiliza shida yangu, akaifunika picha kwa karatasi yake, hapohapo akaifunua.

"Hii gari yetu," alisema. Sauti yake ilibadilika. "Chevrolet, hamsini na saba. Niliipangusa mimi."

"Hamsini na saba!" nilisema. "Basi picha ni ya zamani. Mdogo wangu hakuwepo duniani!"

"Tulia, mama. Gari la hamsini na saba. Picha si lazima. Hili gari tulipigia watu mpaka sabini na tisa." Alisogeza kioo chake. "Ngoja nikueleze. Sabini na nne lori la sukari lilirudi nyuma likavunja pezi la upande wa dereva. Upande wa kulia. Tangu siku hiyo baba akaamuru tupige upande wa abiria tu, kovu lisionekane. Kabla ya hapo alipiga upande wa dereva, watu waonekane wanataka kuingia kuendesha. Sasa tazama. Pua ya gari inaangalia kushoto. Tunaona ubavu wa kushoto. Ubavu wa abiria."

"Maana yake nini?"

Alifuta kioo chake kwa ncha ya shati. Kisha akasema, "Baada ya lori. Mdogo wako kazaliwa lini?"

"Sabini na nane."

"Basi pole, mama. Nadhani ni yeye."

Maimuna alitoka na chupa ya maji akanipa. Sikunywa. Hasira ilinipanda. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwekea baba yule neno moja la akiba, kwamba pengine aliwahi kunipakata, na sasa hata hilo Mhindi mmoja amelichukua kwa kioo. Nilimnyang'anya kioo, nikamtazama baba pale kwenye picha ili nimtukane vizuri. Uso wake sikuutaka. Nikatazama koti.

"Tajiri wa Ilala!" nilisema. "Mwone! Kutuma picha kwao, na koti lenyewe amevaa la kike."

"La kike vipi?" aliuliza Devendra.

"Mzee, mimi nafungua marobota ya mitumba tangu ujana wangu. Tunatenga la kiume na la kike kwa vifungo. La kiume vifungo vinakaa kulia kwa mvaaji, la kike kushoto. Hili vimekaa kushoto. Amenunua la mwanamke hakujua. Mshamba."

Maimuna alianza kucheka. Devendra hakucheka. Alinyoosha mkono akachukua kioo chake taratibu, akainamia picha muda mrefu, pua yake karibu iguse karatasi.

"Usukani," alisema.

"Usukani umefanya nini?"

"Pale kwapani kwake, dirishani. Unaona kipande cha duara? Usukani uko ubavu huu tunaouona. Mimi mjinga! Kutwa nzima naletewa picha za magari ya Marekani kwenye simu, yote usukani kushoto, macho yangu yamezoea. Lakini gari letu lilitengenezwa kwa nchi zetu. Usukani wake kulia!" Alipiga goti lake. "Mama, baba yako hakuvaa koti la kike. Picha imegeuzwa. Negativu iliwekwa kinyume kwenye chumba cha giza. Kilichokuwa kulia kimeenda kushoto. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo, baba akanizaba kibao."

Alimwomba Maimuna kioo cha kujitazamia, kile cha wateja wanaojaribu vitenge, akakielekeza kwenye picha. Mle ndani ya kioo gari liligeuka, pua ikaangalia kulia, na vifungo vya koti vikarudi mahali pake. Tulikuwa tunatazama ubavu wa dereva. Na nyuma kabisa, pezi lilisimama zima, halina hata mkwaruzo.

"Kabla ya lori," alisema Devendra. Macho yake yalikuwa yamelowa, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili ya pezi. "Kabla ya sabini na nne. Mtoto huyu ni wewe."

Nilitaka twende kwa Rogath saa ileile. Yeye akasita. Akasema ameshaona familia zikivunjika mbele ya kiti kile. "Picha hii itakwambia ulichokuja kuuliza, na kitu kingine ambacho hukuuliza. Fikiri kwanza."

Nilimwambia nimefikiri miaka yote niliyokuwa nafua nepi za ndugu zangu. Akainuka, akamwomba Maimuna kile kioo, tukaenda.

Rogath alimpa mzee kiti na kumwamkia, "Shikamoo." Alimsikiliza hadi mwisho. Aliangalia koti, akaangalia usukani, akaangalia picha ndani ya kioo. Alibisha kidogo, kwamba pengine baba alikuwa amepakata mtoto wa jirani. Kisha akaacha mwenyewe, maana aliyesema mtoto yule ni wake wa kwanza alikuwa baba, na aliyeyarudia maneno hayo mbele ya wateja alikuwa yeye.

"Kwa hiyo hiyo picha siyo mimi," alisema.

"Siyo wewe, Baba Brayan," nilisema, nikimwita kwa jina la mwanawe.

"Mimi nina picha gani na baba, basi?"

Nilijua jibu, kwa sababu nilikuwepo. Hana hata moja. Sikumhurumia. Nasema kweli, nilimtazama mtu mzima yule akikaza taya asilie mbele ya wapagazi wake, na sikumhurumia.

Alipiga simu Moshi palepale, akamwambia fundi wa jiwe asubiri. "Ongeza Candida. Hapana, siyo chini. Juu. Juu ya langu." Alipokata simu akaniuliza, "Umeridhika, dada?"

Ndipo nikakielewa kile kitu kingine alichoniambia Devendra. Siku zote nilidhani baba alikuwa mtu aliyenilea bila kunizaa, akawa mgumu kwangu kama watu walivyo wagumu kwa watoto wa wenzao. Hilo ningeweza kulimeza. Lakini alijua. Mimi nilizaliwa kabla hajamuoa mama kanisani, naye alipokuja kuwa mzee wa parokia hakutaka doa. Akaona ni rahisi mama awe na doa, na mimi niwe doa lenyewe. Alikaa sebuleni chini ya picha yangu akawaambia wageni yule ni mtoto wake wa kwanza, na hakusema uongo hata mara moja. Huku ananiona nimesimama na sinia.

Mwezi uliofuata tulikwenda Kibosho kwenye misa ya mwaka. Jiwe lilifunuliwa, padri akasoma majina ya watoto, langu kwanza. Shangazi zangu walinikumbatia, wakaniambia damu nzito, wao walijua siku zote. Walijua, na walikuwa wakininyooshea vikombe vitupu niwaongezee chai.

Nilikabidhiwa shada niwe wa kwanza kuweka, kama ilivyo kwa mtoto mkubwa. Nikasogea mpaka kaburini nikasimama. Watu walingoja nipige magoti, nao wakwe wakaanza kukohoa. Sikupiga magoti. Nilimpa Rogath shada, nikamwambia aliweke yeye, mimi nimekuja kuona jina tu.