Siku Mdogo Wangu Aliponiita Bibi

Nilifika Bagamoyo kutoka Unyamwezi pamoja na mume wangu, mpagazi wa pembe za ndovu. Homa ilimchukua kabla msafara haujageuka kurudi bara, nami nina mimba. Mjane mmoja wa Kiarabu, mwenye duka la nguo, alitaka mpishi. Nilimwambia mapema kwamba mimi si mtumwa wa mtu. Akasema, "Ndiyo maana nimekutaka."

Nilijifunza upesi: wali wa nazi, salamu na majibu yake, kufunga kitambaa cha ukaya kichwani kama wanawake wa mjini. Binti yangu alipoanza kusema, alisema Kiswahili. Majirani walioniita mshenzi wakawa wananiita niwapikie harusini.

Miaka ikapita. Asubuhi moja tulikuwa na wageni wa maulidi, mwanamume akasimama mlangoni, miguu imejaa vumbi la safari.

"Shikamoo, bibi," akaniambia kwa Kiswahili cha kubabaisha. "Namtafuta dada yangu. Nimeambiwa anapika nyumba hii."

Alikuwa mdogo wangu. Ananitazama usoni na hanijui.

Nyuma yangu mwanamke mmoja mgeni akauliza, "Mshenzi huyo anataka nini?"

"Ni ndugu yangu, tumbo moja," nikajibu, wote wasikie. Kisha nikamwita kwa Kinyamwezi, kwa jina la utoto wake. Alinishika mikono yote miwili, akalia.

Nikamketisha kwenye mkeka wa wageni. Mwanamke yule aliyeuliza akainuka akaenda zake. Mjane alimsogezea ndugu yangu sahani ya wali.

Alipokwisha kula akasema, "Mama anataka urudi."

"Nitakuja anione, amwone na mjukuu wake. Kisha nitarudi huku."

"Kwa hiyo umekuwa mtu wa pwani?"

"Mimi ni yule yule aliyekubeba mgongoni. Nimeongeza tu."

Kiangazi kilichofuata nilipanda na msafara kwenda kwetu bara, binti yangu kando yangu. Mama aliushika ukaya wangu, akaupapasa, akauvaa yeye mwenyewe, akazunguka nao kijiji kizima. Nilimwachia. Niliporudi nilikuja na mbegu za uwele, nikazipanda nyuma ya kibanda nilichojenga mtaa wa Dunda, hapo hapo Bagamoyo. Waliouliza ni mmea gani niliwapikia, wakala.